Jiko la mkaa limepasuka: usome ufa kabla ya kuuziba

Chungu cha ndani cha jiko la mkaa kikipata ufa, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hulitupa jiko zima, ama hukoroga saruji kidogo na kuipaka palipopasuka. Yote mawili ni hasara. Jiko lenye ufa mara nyingi bado lina mapishi mengi mbele yake, na ufa uliozibwa bila kujulikana ulitokana na nini hurudi palepale, mara hii ukiwa mpana zaidi. Kabla ya kutafuta cha kuzibia, tazama ufa umeanzia wapi, umeelekea wapi, na kama pande zake zinacheza. Hayo matatu yatakuonyesha chanzo, na ukishajua chanzo utajua kama utengeneze, uache, au ubadilishe chungu.

Jiko ninalolizungumzia ni lile lenye kiuno: bati nje, udongo wa kuchomwa ndani. Lilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980, wazo lake likiwa limetoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, na mafundi bati wa Kamukunji jijini Nairobi wamelitengeneza tangu enzi hizo. Tanzania wengi wanaliita jiko bora. Chungu chake hakijai jiko zima. Kinakaa nusu ya juu tu, kikiegemea kiuno cha bati, na kati yake na bati kuna safu ya saruji iliyochanganywa na kitu chepesi, vamikulaiti (madini mepesi yanayometameta) au majivu, ambayo hukishika chungu na kuzuia joto lisikimbilie nje. Chungu kina sakafu yenye matundu, ndipo mkaa unapokaa, na chini ya sakafu kuna nafasi ya majivu yenye mlango wa hewa. Juu mdomoni kuna mafiga matatu ya kubeba sufuria.

Kwanza lijue tatizo lilivyo

Ngoja jiko lipoe kabisa, ikiwezekana tangu usiku hadi asubuhi. Mwaga majivu, pangusa ndani kwa brashi kavu, kisha litoe juani uone vizuri. Weka vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa ufa, na usukume taratibu. Pande zisipocheza, ufa huo umeshikwa na bati na safu ya kati, nawe una muda wa kufikiri. Zikicheza, kuna kitu nyuma ya chungu kimeachia, na kuuziba ufa kwa mbele hakutasaidia chochote.

Halafu gonga chungu kwa ncha ya kidole sehemu mbalimbali. Sauti kali na ya kuwamba ni ya udongo ulioshika. Sauti butu katika sehemu moja tu maana yake ni kwamba nyuma ya hapo pana uwazi, au pana ufa usioonekana. Sauti ikiwa butu kila mahali, huenda chungu chenyewe hakikuiva vizuri tangu kwenye tanuri, na hilo nitalirudia.

Ufa mwembamba wa wima unaoshuka kutoka mdomoni

Huu ndio unaowatisha watu zaidi, na ndio wenye madhara madogo kuliko zote. Udongo uliochomwa huvumilia sana kubanwa, lakini hauvumilii kuvutwa. Unapowasha mkaa, uso wa ndani wa chungu hupata joto na kutanuka, huku upande wa nyuma ukiwa bado baridi. Uso wa ndani unasukuma, upande wa nyuma unavutwa, na mahali penye udhaifu pakaachia. Kwa kuwa chungu ni duara na mvuto huo unazunguka duara lote, ufa hukata kwenda chini. Huanzia mdomoni kwa sababu pale ndipo ukingo ulipo, hapana kitu juu yake cha kuushika.

Chanzo chake karibu kila mara ni haraka: jiko jipya limejazwa mkaa hadi juu siku ya kwanza, au jiko lililokaa mahali penye baridi limepepewa moto mkali kabla chungu hakijapata joto. Tena, mfinyanzi huchanganya mchanga kwenye udongo wake, na chembe za kwatzi zilizomo mchangani hubadilika umbo kwa ghafla zinapofika nyuzi 573 za Selsiasi. Moto wa mkaa ulioshika hupita nyuzi 600. Chungu kikivushwa mpaka huo haraka, huku sehemu moja ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma, hupasuka.

Dawa ya ufa huu, kama pande hazichezi, ni kuuacha. Najua ushauri huu haumridhishi mtu anayeliona jiko lake limepasuka, lakini ufa wa wima umeshafanya kazi: umekipa chungu nafasi ya kutanuka. Jiko likiwa baridi ufa unafunguka, likipata moto unajibana. Ukiujaza kitu kigumu wakati wa baridi, moto utakapowaka pande mbili zitasukuma hicho kigumu, na chungu kitapasuka mahali pengine, safari hii pasipotabirika. Majivu yataingia yenyewe na kujaza, na yanatosha. Weka alama ya mkaa au chaki mahali ufa unapoishia. Baada ya wiki kadhaa tazama tena. Ukiwa haujapita alama, endelea kupika.

Nyufa za wima zikiwa tatu au zaidi, ujue chungu sasa ni vipande vilivyosimama pamoja kwa sababu bati limevizunguka. Hata hapo bado linapika. Ila usilibebe jiko likiwa na moto, wala usilipindue kumwaga majivu kwa kuligonga chini.

Mtandao wa nyufa ndogondogo kwenye uso wa ndani

Ukiona vistari vingi vinavyokatana, vyote vikiwa upande wa moto, kuna mtu alimwaga maji. Huenda alitaka kuokoa mkaa uliobaki, huenda uji ulifurika. Udongo wa moto ukiguswa na maji, uso wake hunywea kwa ghafla huku ndani ukiwa bado umetanuka. Uso unavutwa, unachanika. Mara moja si msiba. Ikiwa tabia, uso utaanza kutoka kwa magamba.

Njia ya kuzima ni kutoa makaa kwa koleo na kuyatia kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, au kufunga mlango wa hewa na kufunika mdomo kwa sinia la chuma. Moto ukikosa hewa hufa wenyewe, na mkaa unabaki mkavu kwa kesho. Fanya hivyo nje au penye hewa nyingi, kwa sababu mkaa unaokufa polepole hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Jiko la aina yoyote, zima au bovu, lisiingizwe chumba cha kulala ili kupasha joto.

Ufa wa mlalo unaozunguka karibu na kiuno

Huu si wa kuachwa. Ufa unaolala una maana kwamba chungu kinabeba uzito bila kushikwa kutoka chini. Safu ya saruji na vamikulaiti imesagika na kudondoka kwenye majivu, chungu kimebaki kimeegemea bati sehemu mbili tatu, na kila ukiweka sufuria ya maharage kinapinda. Dalili inayoandamana nao ni unga wa kijivu wenye vipande vinavyometameta katika nafasi ya majivu, na bati kuwa la moto kupita zamani sehemu ya juu.

Tengeneza kuanzia nyuma. Lipeleke jiko kwa fundi bati akufungulie mdomo, au ufungue mwenyewe kwa kukunjua ukingo wa bati kwa koleo, ukiwa umevaa glavu. Toa chungu. Kama kimetengana vipande viwili safi, vifute, vipange, uvizungushie waya wa kufungia nondo, mizunguko miwili juu na miwili chini, ukisokota kwa koleo mpaka vishikane bila kukatika. Kwangua safu ya zamani yote. Changanya saruji sehemu moja na vamikulaiti sehemu nne hadi sita. Vamikulaiti ikikosekana, majivu yaliyochekechwa yanafaa, ingawa hayashiki sana. Maji yawe kidogo tu: ukifinya mchanganyiko ukae kwenye kiganja bila kuchuruzika. Ujaze kwanza kwenye kiuno, kalisha chungu juu yake kikae sawasawa, halafu shindilia pembeni kwa kijiti mpaka pasibaki uwazi. Funika kwa gunia lenye unyevu siku mbili, kisha liache kivulini siku nyingine kadhaa kabla ya moto.

Saruji inafaa hapa nyuma kwa sababu joto limeshapungua. Upande wa moto haifai peke yake. Chokaa iliyomo ndani ya saruji iliyokauka huvunjika kuanzia nyuzi 400 na kitu, na jiko likipoa na kunyonya unyevu, chokaa hiyo huvimba na kusambaratika. Ndiyo maana kiraka cha saruji huonekana kizuri wiki ya kwanza, kisha kinaanza kuangukia kwenye mkaa.

Sakafu ya matundu imekatika

Hapa ndipo majiko mengi hufia, na kwa maoni yangu vifo vingi kati ya hivyo vingeepukika. Sakafu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, imetobolewa, juu yake kuna moto na chini yake inapita hewa baridi. Haihitaji mateso zaidi. Lakini watu huitoboatoboa kwa nondo ili majivu yashuke, huiangushia mabonge ya mkaa kutoka juu, na huacha majivu yajae chini mpaka yakaigusa, hewa ya kuipoza ikakosa njia.

Kikikatika kipande kimoja kati ya matundu mawili, mkaa mdogo utaanza kudondoka. Utaona mkaa unaisha upesi na majivu yamechanganyika na vipande vyeusi visivyoungua. Usingoje kikatike cha pili. Tafuta bati nene, chuma cha pipa ni kizuri, kata duara dogo kidogo kuliko sakafu, litoboe matundu kwa msumari mnene na ulilaze juu. Au panga vipande vitatu vinne vya nondo nyembamba. Kwa vyovyote, acha nafasi ya milimita 5 hivi pembeni kati ya chuma na chungu. Chuma hutanuka zaidi ya udongo. Kikikazwa kikiwa baridi, kitausukuma ukuta wa chungu mpaka kiupasue, na hapo utakuwa umeharibu palipokuwa pazima.

Chuma hicho kitaliwa na moto baada ya muda, nawe utakibadilisha. Ni kazi ndogo. Sakafu ikiwa imeanguka yote lakini kuta za chungu ni nzima, dawa ni hiyohiyo, mradi pamebaki ukingo wa kubebea chuma pande zote.

Majivu yatoe kwa mlango wa chini, kwa kijiko kirefu au kijiti cha mti. Matundu yaliyoziba yazibue kutoka chini kwa kijiti hichohicho.

Mdomo umemeguka, mafiga yamelegea

Sababu yake ni kusonga ugali. Mwiko unasukuma sufuria kwa upande, sufuria inasukuma figa, figa linang'oa kipande cha mdomo. Kama mafiga ni ya chuma yaliyopigwa ribiti kwenye bati, fundi atayakaza au kuyabadilisha, kazi ya dakika chache. Kama ni ya udongo yaliyofinyangwa pamoja na chungu na moja limevunjika, usipike juu ya mawili. Sufuria ya uji wa moto ikiinama, inamwangukia mtoto. Mwambie fundi aweke mafiga matatu ya chuma yanayobebwa na bati, ili udongo usibebe mzigo tena. Na kwa ugali wa watu wengi, tumia jiko kubwa linalolingana na sufuria. Jiko dogo halikutengenezwa kwa nguvu za mikono miwili.

Palipomeguka mdomoni panaweza kuzibwa, kwa kuwa ni sehemu inayoonekana na isiyobanwa. Chukua vigae vya chungu kilichovunjika, vitwange, uchekeche upate unga wenye chembechembe. Changanya sehemu mbili za unga huo na sehemu moja ya udongo mfinyanzi au udongo wa kichuguu. Unga wa vigae umeshapita motoni, haunywei tena, kwa hiyo kiraka hakitajivuta na kuachana na chungu kama kingefanya cha udongo mtupu. Usitumie mchanga wa ufukweni badala ya unga wa vigae. Chumvi yake itakitoa kiraka. Lowesha palipomeguka kwanza, maana udongo mkavu hunyonya maji ya kiraka papo hapo na kukiacha bila gundi. Paka, kandamiza, acha kivulini siku tatu, halafu washa moto mdogo wa vijiti kabla ya kurudi kwenye mkaa.

Uso unatoka magamba, au vishimo vyenye doa jeupe

Kishimo kidogo chenye chembe nyeupe katikati ni chokaa. Kulikuwa na kipande cha mawe ya chokaa ndani ya udongo, kikaungua tanurini, kisha kikanyonya unyevu wa hewa, kikavimba na kurusha kipande cha uso. Huonekana siku au wiki baada ya chungu kuchomwa, wakati mwingine hata kabla ya kupikiwa. Vishimo viwili vitatu havina neno. Vikiwa vingi, udongo wenyewe una kasoro, na hakuna kiraka kitakachofuata kila chembe.

Magamba mapana bila doa jeupe hutokana na udongo usioiva au na chumvi. Chukua kipande kilichodondoka, kitumbukize kwenye kikombe cha maji usiku kucha. Kikiwa tope asubuhi, chungu hakikuchomwa kikaiva, na ni haki yako kukirudisha kwa aliyekuuzia. Tanuri la vyungu hivi hupaswa kufika kama nyuzi 800 hadi 900. Udongo uliofika huko haurudi kuwa tope hata ukae majini mwaka mzima.

Mlio wa mpasuko unapowasha

Jiko lilinyeshewa, au lilikaa jikoni penye sakafu yenye maji. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakigeuka mvuke hutaka nafasi karibu mara 1,600 ya ile ya awali, na vijitundu vya udongo havina nafasi hiyo. Kipande kinaruka. Ondoa watoto karibu, acha moto ufe, na jiko likishapoa ulianike juani siku mbili au tatu. Moto unaofuata uwe wa makaa machache tu, bila kupepea. Kama chungu hakikupasuka mpaka nyuma, kitarudi kazini.

Majiko makubwa ya kuchomea nyama

Walioko Marekani, Ulaya au Ghuba wenye majiko mazito ya umbo la yai, kama yale ya Big Green Egg ya Atlanta au Kamado Joe, hukutana na jambo hilohilo: kisanduku cha moto cha ndani kinapata ufa wa wima. Sababu ni moja, na hukumu ni moja: kikiwa kimesimama mahali pake, endelea kuchoma nyama. Kamado Joe wenyewe hukitengeneza kisanduku hicho kwa vipande kadhaa tangu kiwandani, ili kitanuke bila kujipasua. Mistari myembamba kama utando kwenye rangi ya nje nayo haina madhara.

Kinachopaswa kukuogopesha ni ufa uliopenya kifuniko. Kifuniko ni kizito, kinashikwa na mikanda ya chuma, na mikanda ikilegea kifuniko huchomoka na kuanguka. Kaza boliti zake jiko likiwa baridi, na ukiona ufa umetokea ndani na nje acha kulitumia. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ndefu kwa sehemu za udongo, kwa hiyo piga picha na uwaandikie kabla hujapaka gundi yoyote.

Ukiamua kubadilisha chungu

Badilisha pale pande za ufa zinapocheza hata baada ya safu ya kati kutengenezwa, au sakafu imeanguka pamoja na ukingo wake, au udongo unageuka tope. Bati likiwa zima, nunua chungu peke yake. Sokoni vinauzwa vikiwa vimepangwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya jiko. Lakini litazame bati lako kwanza. Majivu yanayoachwa ndani yakapata unyevu hulila bati, hasa chini, na ukilibonyeza kwa kidole likaitikia, hakuna maana ya kulivisha chungu kipya.

Dukani, gonga kila chungu kabla ya kuchagua na uchukue chenye sauti kali. Tazama sakafu kwa kukiinua juu ya mwanga: matundu yawe wazi, na nafasi kati ya tundu na tundu isiwe nyembamba kuliko kidole. Rangi iwe moja kotekote. Doa jeusi pana katikati ya unene wa ukuta, pale mdomo ulipokwaruzwa, huonyesha kwamba moto wa tanuri haukufika ndani.

Siku ya kwanza washa nje, makaa yakifunika sakafu tu, yaungue mpaka yaishe bila sufuria na bila kupepea. Bati jipya lililopakwa zinki hutoa moshi mbaya moto wa kwanza, kaa upande unakotoka upepo. Siku ya pili jaza nusu. Siku ya tatu weka sufuria.